Dele, chujio au kopo: kahawa ipi ikae nyumbani kwako hapa Tanga

Mkazi wa Tanga anayetaka kahawa nzuri nyumbani kwake, badala ya kuitegemea ile ya muuzaji apitaye mtaani akigonga vikombe, ana njia tatu zinazopatikana bila usumbufu mkubwa. Ya kwanza ni kuchemsha katika dele, birika la kahawa lenye shingo nyembamba, kwa mtindo wa barazani. Ya pili ni kuchuja kwa kitambaa au karatasi. Ya tatu ni kufungua kopo la kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto. Nimekunywa kwa njia zote tatu kwa miaka mingi na ningali nazitumia zote, kwa hiyo simshauri mtu kukitupa chombo alichonacho. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba kila njia inafaa idadi fulani ya wanywaji na saa fulani ya siku, na kwamba mtu akichagua kwa kufuata ladha peke yake, bila kujiuliza atakunywa na nani na wakati gani, atanunua chombo kizuri kisha kitakaa kabatini.

Buni kabla ya chombo

Wengi huanza kwa kununua birika na kumalizia kwa kutafuta buni. Mimi naona mpangilio huo umepinduka, kwa kuwa buni iliyokaangwa wiki hii hutoa kahawa ya kupendeza hata katika sufuria, ilhali unga uliokaa dukani miezi mingi haukombolewi na chombo chochote.

Nchini kwetu zimo aina mbili kuu. Arabika hulimwa nyanda za juu: Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Mbinga, na pia katika milima ya Usambara upande wa Lushoto. Robusta hulimwa hasa Kagera, ambako Wahaya waliitafuna buni yake iliyochemshwa na kukaushwa tangu kale, na hadi leo mgeni hukaribishwa kwayo. Arabika ina harufu pana, uchachu mwanana na kafeini inayokaribia asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta ina uchungu mzito zaidi, hukaa ulimini kwa muda mrefu, na kafeini yake hufika takriban asilimia 2.2, yaani karibu mara mbili. Tofauti hiyo ya kafeini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, nami nitairejea nitakapofika kwenye idadi ya vikombe.

Kwa ulimi wangu, robusta ndiyo inayostahimili kuchemka. Arabika ya Kilimanjaro ikiwekwa juu ya moto kwa dakika kumi hupoteza ile harufu iliyoifanya iuzwe kwa bei kubwa, na kinachobaki ni uchachu usio na mwenzake. Robusta haina harufu nyingi ya kupoteza, na uchungu wake hupatana na tangawizi. Kwa hiyo anayeazimia kununua dele asijilaumu kwa kutonunua arabika ghali. Na anayeazimia kuchuja asijaribu kubana matumizi kwa robusta, maana chujio huonyesha kila kasoro ya buni.

Huenda mtu akauliza kwa nini milima iliyo karibu nasi zaidi, ile ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, haitupi kahawa ya kutosha. Wajerumani walipanda kahawa nyingi huko, pande za Derema na Amani, katika miaka ya 1890, lakini haikustawi kama walivyotarajia, na leo sehemu hizo zinajulikana kwa mashamba ya chai. Kilichobaki kwa faida yetu ni viungo: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga hushuka kutoka vijiji vya Amani hadi masoko ya mjini, vikiwa vibichi kuliko vile vilivyosafiri kutoka mbali. Kwa mtu wa dele hiyo ni neema kubwa.

Kukaanga mwenyewe si kazi ya kuogopwa. Buni mbichi, yenye rangi ya kijani kilichofifia, hutiwa katika kikaango kizito juu ya mkaa wa wastani na kukorogwa pasipo kupumzika. Hugeuka manjano, kisha kahawia, na joto lake likikaribia nyuzi 200 huanza kutoa mlio wa kupasuka. Kwa kahawa ya chujio, epua mara milio hiyo inapopungua. Kwa kahawa ya dele, endelea mpaka mlio wa pili, ulio mwepesi zaidi, uanze kusikika na ngozi ya buni ianze kung'aa mafuta. Mwaga kwenye ungo, pepeta makapi yatoke, na uache ipoe haraka, kwa sababu buni yenye moto huendelea kuiva hata baada ya kuepuliwa. Kazi yote huchukua takriban dakika 15 hadi 20, na moshi wake ni mwingi, hivyo ifanyike uani. Usiinywe siku hiyo hiyo, kwani buni iliyokaangwa sasa hivi bado inatoa hewa ya ukaa kwa wingi, nayo huzuia maji kupenya vizuri. Siku moja au mbili baadaye ndipo ladha hutulia.

Bibi mzaa mama, aliyekaa Makorora, alikuwa akikaanga kiasi cha wiki moja tu na kukitia katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Alikuwa na sababu njema. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, na kahawa iliyokaangwa hufyonza unyevu pamoja na harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Kuiweka ndani ya jokofu pamoja na samaki ni kuiharibu. Chupa kavu, kabati lenye giza na kiasi kidogo kwa wakati mmoja vinatosha.

Kuhusu kusaga, hapa pana tofauti kubwa kati ya njia hizi. Kinu na mchi hutoa unga usio sawa, vumbi likiwa limechanganyika na vipande. Katika dele jambo hilo halidhuru sana, kwa kuwa unga wote huchemka pamoja na mashapo hutulia chini. Katika chujio lina madhara ya wazi, kwani vumbi huziba njia na kutoa uchungu wakati vipande vikubwa bado havijatoa kitu. Anayetaka kuchuja anahitaji kisagio cha mkono chenye meno yanayorekebishika, na asage kiasi cha kikombe anachokinywa muda huo huo. Kama mfuko unaruhusu kifaa kimoja tu mwaka huu, naamini kisagio hicho kina faida kuliko chujio la gharama kubwa.

Dele

Dele limeumbwa kwa kazi yake: tako pana linalopokea moto, shingo nyembamba, na mrija unaoanzia juu kidogo ya mahali mashapo yanapotulia. Uzuri wake mkubwa ni kuwahudumia wengi kwa mara moja. Kwa lita 1 ya maji tia gramu 60 za unga laini, yaani takriban vijiko 12 vya chakula vilivyosawazishwa, nawe utapata vikombe vidogo visivyo na mkono vipatavyo 14. Chemsha maji kwanza, epua, tia unga na ukoroge, kisha rudisha kwenye moto mdogo. Kahawa itaumuka hadi shingoni. Iinue kabla haijamwagika, iache ishuke, na uirudishe tena mara mbili au tatu. Baada ya hapo iache ichemke polepole kwa dakika kama kumi. Tangawizi kavu iliyopondwa huingia katika dakika za mwisho. Iliki iingie baada ya kuepua, kwa kuwa harufu yake huruka na mvuke, na wanaoitia mwanzoni huishia kutumia nyingi pasipo faida. Acha dele litulie kwa dakika tano kabla ya kumimina.

Kosa linaloonekana nyumba nyingi ni kuliacha dele juu ya makaa saa nzima ili kahawa isipoe. Unga uliomo ndani huendelea kutoa uchungu muda wote huo, na kikombe cha mwisho huwa hakifanani na cha kwanza. Mimina kahawa iliyotulia katika chupa ya kuhifadhi joto, iliyotengwa kwa kahawa peke yake, maana chupa iliyozoea chai ya mchaichai haisahau.

Ladha ya kahawa hii ni nzito, chungu, yenye ukali wa tangawizi unaobaki kooni, nayo haitiwi sukari. Utamu hutoka pembeni: kashata ya karanga au ya nazi, tende, au kipande cha halua. Napenda mpangilio huu kwa sababu ya ladha, lakini una manufaa mengine pia. Sukari iliyo nje ya kikombe huonekana, na mtu anayeambiwa na daktari apunguze utamu anaweza kuacha kashata ya pili bila kuacha kahawa. Katika chai au kahawa ya maziwa sukari imekwisha kuyeyuka, na mkono unaoitia mara nyingi ni wa mtu mwingine.

Dele halimfai mtu aliye peke yake. Kuwasha mkaa, kuchemsha, kusubiri mashapo na kusafisha chombo chenye shingo nyembamba ni kazi ya karibu saa nzima, na kahawa ya vikombe viwili ndani ya dele kubwa haipati kimo cha kutosha kufika kwenye mrija bila kubeba mashapo. Lakini baada ya swala ya magharibi, watu sita wakiwa wameketi barazani na bao likiwa katikati yao, sijaona chombo kingine kinachoweza kukaa mahali pake. Kikombe humiminwa kidogo, kisijae, ili vidole vishike ukingo usio na moto. Kinapokwisha kinajazwa tena, na kahawa hupimwa na mazungumzo. Anayefikiria kununua dele ajiulize kwanza kama nyumba yake ina baraza ya namna hiyo, au ana nia ya kuwa nayo.

Jambo moja la tahadhari linahusu joto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ilhali kahawa yenyewe haikupatikana kuwa na hatia hiyo. Tatizo ni moto wake. Wale wanaojisifu kwa kuipiga kahawa ikiwa bado inafuka wanapaswa kulisikia jambo hili, na kikombe kidogo kina msaada wake hapa, kwa sababu kahawa kidogo hupoa haraka.

Chujio

Kuchuja ni njia ya mtu mmoja au wawili, asubuhi, wakati nyumba bado imetulia. Karatasi ya kuchujia kahawa ilibuniwa mwaka 1908 na mama wa Kijerumani wa mji wa Dresden, Melitta Bentz, aliyechoshwa na mashapo kikombeni. Tangu hapo kanuni haijabadilika. Kwa mililita 250 za maji tumia gramu 15 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chembe za sukari. Lowesha unga kwanza kwa maji kidogo, subiri nusu dakika uumuke na kutoa hewa, kisha mimina yaliyobaki kwa mzunguko, kidogo kidogo, yote yaishe kupita ndani ya dakika tatu hivi.

Maji yanayofaa ni ya nyuzi 92 hadi 96. Hapa Tanga, tukiwa usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo mtu asubiri kiasi cha dakika moja baada ya kuepua. Ndugu zetu wa Lushoto, walio takriban mita 1,400 juu, maji yao huchemka yakikaribia nyuzi 95, nao wanaweza kumimina papo hapo. Ni jambo dogo, ila linaeleza kwa nini maelekezo ya mtu wa milimani yakifuatwa neno kwa neno mjini Tanga hutoa kahawa yenye uchungu wa ziada.

Karatasi si bidhaa ya kila duka la Ngamiani, na anayetegemea kuagiza atajikuta siku fulani hana. Kitambaa hutatua shida hiyo. Kipande safi cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichoshonwa kama mfuko mdogo na kufungwa kwenye waya wa mviringo, huchuja vizuri na hudumu miezi. Kioshwe kwa maji matupu bila sabuni, kwa kuwa sabuni hubaki ndani ya nyuzi na kurudi kikombeni, na kianikwe juani kikauke kabisa, la sivyo kitashika harufu ya uvundo katika joto letu. Ladha ya kitambaa ni nzito kidogo kuliko ya karatasi, nami naipenda zaidi.

Kinachopatikana kwa kuchuja ni uwazi. Arabika ya Lushoto au ya Kilimanjaro iliyokaangwa kwa wastani ikichujwa hutoa ladha ambazo dele haliziruhusu kuonekana, na mnywaji huweza kutambua tofauti ya shamba na shamba. Haihitaji sukari wala maziwa, na kwa kweli maziwa huifunika. Hasara yake ni kwamba haistahimili wageni. Watu wanne wakiketi, wa kwanza atakuwa amemaliza kikombe kabla wa nne hajapata chake, na mwenyeji atakuwa amesimama jikoni muda wote. Kahawa inayomtenga mwenyeji na wageni wake si ya jioni ya Tanga.

Birika la kubonyeza, lenye wavu unaosukuma mashapo chini, lipo kati ya njia hizi mbili. Linatosha watu watatu, linahitaji dakika nne tu na unga wa chembe kubwa, na halihitaji karatasi. Kibirika cha moka, kinachosukuma maji kwa mvuke, hutoa kahawa kali yenye kufaa maziwa. Ni vyombo vizuri vyote viwili, lakini sioni kwamba vinaondoa haja ya dele au chujio kwa mtu ambaye tayari ana kimojawapo.

Kopo

Kahawa ya kopo imekwisha kupikwa kiwandani. Maji yake yamekaushwa kwa hewa ya moto, na mnywaji huyarudisha tu. Kiwanda cha Tanica cha Bukoba hutengeneza ile inayojulikana zaidi nchini, Africafé, na vipakiti vyake vidogo hupatikana hata duka la pembezoni. Sioni aibu kuitumia. Mtumishi anayepaswa kufika kazini saa moja na nusu hana nafasi ya kuchochea mkaa, na mwanafunzi wa chumba cha kupanga huenda ana birika la umeme peke yake.

Ubora wake hujitokeza katika maziwa. Tanga ni mji wa maziwa, wenye kiwanda cha Tanga Fresh na wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo kikombe cha kahawa ya maziwa hapa kina msingi mzuri. Koroga kijiko kimoja cha chai cha unga pamoja na maji kidogo ya baridi mpaka upate uji laini, kisha mimina maziwa yaliyochemka. Ukitia unga juu ya maziwa ya moto utaganda vidonge. Tumia kijiko kikavu na nunua kopo dogo, kwa sababu unyevu wa pwani huugeuza unga kuwa jiwe katika kopo kubwa lililofunguliwa siku nyingi. Zaidi ya hapo sina mengi ya kusema juu ya kopo. Ladha yake ni moja, leo na kesho, na uthabiti huo ndio hasa wanaoutafuta walioichagua.

Maji

Njia zote tatu zinategemea maji, nayo husahaulika. Maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, unaoanzia milima ya Amani. Yakiwa na harufu ya dawa ya kusafishia, yaweke katika mtungi ulio wazi usiku mmoja, harufu itapungua sana. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi, na hayo yasitumiwe kwa chujio hata kidogo, kwani huua uchachu wa arabika na kuacha ladha bapa. Dele lenye tangawizi na iliki huvumilia maji ya kisima kwa kiasi fulani. Kopo lenye maziwa huvumilia zaidi. Kwa nyumba isiyopata maji ya bomba kila siku, jambo hili peke yake laweza kuamua chombo.

Kafeini, mafuta na saa ya kunywa

Turudi sasa kwenye hesabu. Gramu 60 za robusta zina kafeini ipatayo miligramu 1,300. Sehemu kubwa ikiingia katika maji na kugawanywa kwa vikombe 14, kila kikombe kidogo hubeba takriban miligramu 80. Ikiwa ni arabika, kikombe hicho hubeba kama miligramu 45. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja huwa na miligramu 90 au zaidi, na kikombe cha kopo huwa na takriban 60. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito asizidi 200. Vikombe vitano vidogo vya robusta barazani vinafikisha kiwango cha siku nzima, na watu wengi hawavihesabu kwa sababu ya udogo wake. Kwa mama mjamzito vikombe viwili tayari vinatosha.

Kuna pia suala la mafuta. Kahawa isiyochujwa hubeba vitu viwili vya asili, kafestoli na kahweoli, ambavyo hupandisha kolesteroli katika damu. Tafiti za nchi za Skandinavia, ambako watu walizoea kahawa ya kuchemsha, zilianza kulionyesha hili tangu miaka ya 1980. Karatasi huvizuia karibu vyote, kitambaa huvizuia kwa sehemu kubwa, na kahawa ya kopo inavyo vichache mno. Kwa hiyo mzee aliyeambiwa kolesteroli yake iko juu, naye hawezi kuacha kahawa ya kila siku, chujio ndilo chaguo lake. Hapaswi kunyimwa baraza kwa sababu hiyo; kahawa ya dele yaweza kupitishwa katika kitambaa kabla ya kumiminwa katika chupa, tangawizi na iliki zikabaki kama zilivyo.

Kahawa, kama chai, hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka ikinywewa pamoja na chakula. Mwenye upungufu wa damu anywe saa moja au zaidi baada ya kula, kwa njia yoyote aliyoichagua.

Uchaguzi kwa hali yako

Kwa nyumba yenye watu wazima wanne au zaidi wanaokutana jioni, ningeanza na dele, robusta ya kukaangwa kwa mkono, kinu cha kawaida na viungo vya Muheza. Kwa watu wawili wanaoamka mapema na kupenda kunywa bila sukari, ningechagua arabika, kisagio cha mkono na mfuko wa marekani. Kwa mpangaji mwenye birika la umeme na maziwa ya uhakika, kopo dogo linamtosha mpaka hali ibadilike, naye asiharakishwe na mtu.

Wazazi wanaoishi na vijana wao mara nyingi hukuta kwamba ladha zimegawanyika, mzee akitaka chungu yenye tangawizi na kijana akitaka kikombe kikubwa chepesi. Sina sababu ya kuwapatanisha kwa chombo kimoja. Wanunue buni mbichi ya aina mbili kwa viwango vidogo, wakaange siku moja katika kikaango kimoja, arabika kwanza kwa wastani kisha robusta mpaka ing'ae, na kila mmoja awe na chupa yake. Gharama ya ziada ni mfuko wa kitambaa tu.

Mwezi wa Ramadhani una mahitaji yake. Mwili wa kawaida huchukua takriban saa tano kupunguza kafeini hadi nusu, maana yake kahawa ya saa tatu usiku, baada ya tarawehe, nusu yake bado imo mwilini ifikapo saa nane usiku, na daku inakaribia. Anayefanya kazi asubuhi anywe vikombe vyake viwili mara baada ya kufuturu, na dele la baada ya tarawehe lipikwe kwa arabika, hata kama ladha yake ni pungufu kidogo, ili wanaobaki barazani wapate usingizi. Wenye mazoea ya vikombe vingi kwa siku huumwa kichwa siku za mwanzo za mfungo, kwa kuwa maumivu ya kukosa kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Wapunguze kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu kuanzia katikati ya Shaabani, wakianza na kile cha asubuhi, kwa sababu hicho ndicho watakachokikosa.